Kupinga Hukumu Ukiwa Gerezani: Namna ya Kutumia Kila Ngazi ya Rufaa Tanzania Bila Kuipoteza

Mtu aliyefungwa miaka 30 hachoki kutafuta mlango. Rufaa yake ikitupwa Mahakama Kuu, huenda Mahakama ya Rufani. Ikitupwa huko, huomba hukumu ipitiwe upya. Ombi hilo likikataliwa, humwandikia ndugu yake barua ya kumsihi amtafutie mtu wa kuandika “rufaa nyingine”. Simlaumu hata kidogo, kwa kuwa anayehesabu miaka ndani ya kuta hana kazi iliyo kubwa kuliko hiyo. Ila neno “nyingine” ndilo linalowapoteza wengi, kwa sababu sheria yetu haimpi mfungwa rufaa ya kurudiarudia kila anapopata hoja mpya. Inampa ngazi chache, kila ngazi ina swali lake, na karibu kila moja hupandwa mara moja tu.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya ndugu walio nje, kwa kuwa wao ndio wanaoweza kuzunguka masjala za mahakama, kutafuta nakala na kusoma hukumu za kesi nyingine. Unahusu kesi za jinai za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mwenendo wa jinai na Mahakama Kuu yake, ingawa Mahakama ya Rufani ni moja. Namba za vifungu nimeziacha kwa makusudi, kwa kuwa Toleo la Urekebu la 2023, lililoanza kutumika mwaka 2025, limezibadilisha namba katika sheria nyingi, na mtu akinakili namba ya zamani kwenye karatasi yake anaweza kujikuta anataja kifungu kinachohusu jambo jingine kabisa.

Tarehe kabla ya hoja

Kabla ya kuuliza kama hukumu ilikuwa ya haki, uliza ilitolewa lini. Kwa kesi iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au Mahakama ya Hakimu Mkazi, mfungwa anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu au adhabu ilipotolewa, kisha awasilishe Mahakama Kuu hati ya rufaa yenyewe, yaani karatasi yenye sababu zake, ndani ya siku 45. Katika hizo 45 hazihesabiwi siku alizokuwa akisubiri nakala ya mwenendo wa kesi na ya hukumu, na kwa hiyo tarehe aliyopokea nakala hizo ina uzito sawa na tarehe ya hukumu na inafaa ionekane kwenye nakala yenyewe pamoja na mhuri. Kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo hufuata njia nyingine: rufaa huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na kutoka hapo Mahakama Kuu ndani ya siku 30.

Mfungwa halazimiki kuwa na wakili wala kufika masjala ili afungue rufaa. Sheria inamruhusu kukabidhi taarifa na hati yake kwa mkuu wa gereza, ambaye ndiye mwenye wajibu wa kuzifikisha mahakamani. Karatasi huandaliwa, mfungwa hutia saini au dole gumba, na kuanzia hapo yeye haioni tena. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kumtembelea, kabla hamjaanza kuzungumzia habari za nyumbani, muulize mambo mawili: taarifa aliitia dole tarehe ngapi, na nani aliipokea. Andika majibu kwenye daftari ukiwa bado hapo hapo, kisha nenda masjala ya mahakama ukathibitishe kama imefika na imepewa namba. Nimeona rufaa nzuri ikitupwa kwa sababu ya karatasi moja iliyobaki katika droo, na nimeona nyingine ikiokolewa kwa sababu dada wa mfungwa alikuwa ameandika tarehe hiyo nyuma ya tiketi ya basi.

Kuusoma mwenendo

Nakala ya mwenendo wa kesi ndiyo kesi yenyewe kwa majaji watakaoisikiliza rufaa. Hawatamwona shahidi akitetemeka wala akisitasita. Wataona maneno yaliyoandikwa na hakimu, na lisiloandikwa, kwa kawaida, ni kama halikusemwa. Mfungwa anayesema “shahidi yule alikiri kwamba hanifahamu” ni lazima auonyeshe ukurasa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, lakini kumbukumbu nyingi, hasa za kesi za zamani, zimeandikwa kwa Kiingereza, na kuna wafungwa waliokaa miaka na karatasi ya hukumu yao chini ya godoro bila kujua ndani yake mna nini. Tafuta mtu anayeaminika amtafsirie mfungwa mstari kwa mstari. Kazi hiyo ina faida kubwa kuliko kulipia kurasa kumi za hoja zilizonakiliwa kutoka kwa mwenzake wa selo.

Anza na hati ya mashtaka, kabla ya ushahidi. Angalia tarehe ya kosa, mahali, jina la aliyetendewa, mali iliyotajwa na thamani yake, kisha nenda kwa mashahidi ukiwa na penseli na uweke alama kila wanapotofautiana na hati hiyo. Kama hati ya mashtaka ilibadilishwa katikati ya kesi, tafuta ukurasa unaoonyesha kwamba ile mpya ilisomwa na mshtakiwa akaulizwa upya kama anakiri. Kama hakimu alibadilika, tafuta sababu ya mabadiliko hayo; inatakiwa iwe imeandikwa. Kama shahidi alikuwa mtoto mdogo, angalia kama aliahidi kusema ukweli kabla ya kutoa ushahidi bila kiapo. Kama ripoti ya daktari, ile fomu ya PF3, ilipokelewa, angalia kama mshtakiwa alielezwa haki yake ya kutaka daktari aitwe aulizwe maswali. Na kila kielelezo cha maandishi, baada ya kupokelewa, kilipaswa kusomwa kwa sauti mahakamani; maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mshtakiwa aliyatoa polisi baada ya kuonywa, yaliyopokelewa kimyakimya yanaweza kufutwa kabisa katika kumbukumbu.

Hapa naomba msomaji asishangilie mapema. Kasoro ya utaratibu haivunji kesi yenyewe kwa yenyewe, kwa sababu sheria inaruhusu kasoro nyingi zivumiliwe iwapo hazikumnyima mtu haki. PF3 ikifutwa, mahakama huuliza kilichobaki kinatosha au hakitoshi, na katika kesi za ubakaji Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwenye shauri la Selemani Makumba la mwaka 2006 kwamba ushahidi ulio bora kuliko wote ni wa yule aliyetendewa, na shahidi huyo akiaminika anatosha. Ni kanuni inayowalinda watoto na wanawake ambao hawakuwa na shahidi mwingine, na mrufani anayejenga rufaa nzima juu ya upungufu wa PF3 anajenga juu ya mchanga.

Tuchukue mfano mmoja kwa karibu, ule wa unyang’anyi wa kutumia silaha uliofanyika usiku, kosa ambalo adhabu yake ya chini kabisa ni miaka 30. Katika mwenendo, shahidi wa kwanza amesema: “Walipoingia nilimtambua mshtakiwa kwa mwanga wa taa ya sola.” Hakimu akaamini, akatia hatiani. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu unaopaswa kupimwa kwa tahadhari kubwa, na imetaja mambo ya kupimia: shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa namna gani na wa nguvu kiasi gani, na kama aliwahi kumfahamu kabla ya tukio. Mwaka 2002, katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, ikaongeza uzito kwa jambo jingine: shahidi aliyemtambua mtu hutarajiwa kumtaja mapema iwezekanavyo, na akichelewa bila maelezo imani juu yake hupungua. Sasa rudi kwenye mwenendo na penseli yako. Taa ilitundikwa wapi? Chumba kina ukubwa gani? Polisi walipofika asubuhi, jina lilitajwa au shahidi alisema tu kwamba walikuwa vijana watatu? Kila swali lisilo na jibu katika kurasa hizo ni sehemu ya hoja yako.

Mfungwa akiachwa peke yake ataandika: “Kwamba hakimu alikosea kunitia hatiani bila ushahidi wa kutosha.” Jaji hawezi kufanya lolote na sentensi hiyo isipokuwa kuisoma. Iandikwe hivi: “Kwamba hakimu alikosea kisheria na katika kuupima ushahidi aliponitia hatiani kwa utambuzi wa usiku uliotolewa na shahidi wa kwanza, ambaye hakueleza nguvu ya mwanga, umbali wala muda alioniona, na ambaye hakulitaja jina langu kwa polisi walipofika eneo la tukio, ingawa alidai kwamba ananifahamu tangu zamani.” Hoja tatu au nne za namna hii zinatosha. Nimesoma hati za rufaa zenye sababu kumi na saba, ambamo ile moja iliyostahili ushindi ilikuwa imefichwa kwenye mstari wa kumi na nne.

Rufaa ya kwanza ndiyo ya kuwekea nguvu zote

Ningekuwa na nafasi ya kumwambia kila mfungwa jambo moja tu siku anapoingia gerezani, ningemwambia hili: rufaa ya kwanza ndiyo pekee ambamo ushahidi wako wote utasomwa upya na kupimwa upya. Mahakama Kuu ina wajibu wa kuyapitia maelezo ya kila shahidi na kufikia uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka tu kwamba haikuwaona mashahidi kwa macho. Ukipanda juu zaidi, mlango huo unaanza kufungwa. Lakini wengi huichukulia rufaa hii kama hatua ya kupita, wakiamini kwamba kazi ya kweli iko Mahakama ya Rufani. Huandika sababu kwa haraka, husema mbele ya jaji “sina la kuongeza”, na hushtuka miaka mitatu baadaye wanapoambiwa kwamba hoja yao nzuri ya ukweli wa mambo haikuwahi kutolewa chini na haiwezi kusikilizwa sasa.

Aliyekiri kosa ana njia nyembamba zaidi: kwa kawaida anaweza kukata rufaa dhidi ya ukubwa au uhalali wa adhabu pekee, si dhidi ya kutiwa hatiani. Njia ya kutoka ni kuonyesha kwamba kukiri kwenyewe hakukuwa kukiri, na shauri la Laurence Mpinga la mwaka 1983 liliweka mipaka: maneno aliyoyasema yalikuwa na utata au hayakukamilika, au alikiri kwa kutoelewa, au hati ya mashtaka haikuonyesha kosa linalotambuliwa na sheria, au mambo aliyoyakubali hayawezi kisheria kuunda kosa hilo. Neno “ni kweli” likiwa peke yake katika ukurasa wa kwanza linastahili kuangaliwa mara mbili.

Na kuna hatari ambayo waandishi wa rufaa wa kulipwa mara nyingi hawaitaji. Anayepinga adhabu anaifungua adhabu hiyo yote mbele ya mahakama. Kama alipewa miaka 15 kwa kosa ambalo sheria inataka isipungue miaka 30, mahakama ya juu inaweza, baada ya kumpa nafasi ya kujieleza, kuirekebisha kwa kuipandisha. Na aliyetiwa hatiani kwa kumbaka mtoto wa chini ya miaka 10 akapewa miaka 30 anaweza kutoka mahakamani na kifungo cha maisha. Mfungwa ana haki ya kulijua hili kabla ya kutia dole, na anayemsaidia ana wajibu wa kumwambia.

Muda ukiwa umepita

Kuchelewa si mwisho, lakini ni kesi ndani ya kesi. Mahakama Kuu inaweza kumwongezea mfungwa muda akionyesha sababu nzuri, kwa maombi yanayoambatana na kiapo. Kiapo hicho kinapaswa kueleza ucheleweshaji wote, hatua kwa hatua na tarehe kwa tarehe: hukumu ilitolewa lini, taarifa ilikabidhiwa lini, nakala ziliombwa lini na zikafika lini, alihamishwa gereza lini, aliugua lini. “Mimi ni mfungwa na sijui sheria” haitoshi, kwa sababu kutojua sheria hakujakubaliwa kuwa sababu.

Majaji wanafahamu kwamba mtu aliye gerezani hana uhuru wa kufuatilia karatasi zake, na mara kwa mara huruma hiyo inaonekana katika uamuzi wao; ila wanataka uthibitisho. Mfungwa akisema kwamba alikabidhi karatasi kwa wakati na zikachelewa mikononi mwa maofisa, mahakama itataka kusikia kutoka kwa ofisa husika, kwa kiapo chake mwenyewe. Ndugu aende kwa mkuu wa gereza kwa heshima, aeleze, na aombe kiapo hicho. Wakuu wengi hukitoa pale ambapo daftari la gereza linathibitisha maneno ya mfungwa. Sababu nyingine inayoweza kufungua mlango ni uharamu unaoonekana katika uamuzi wenyewe, kwa mfano adhabu ambayo sheria haiitambui au mahakama isiyokuwa na mamlaka juu ya kosa lile, lakini nao uwe wa kuonekana wazi, usiohitaji maelezo marefu.

Mahakama ya Rufani

Rufaa ikitupwa Mahakama Kuu, taarifa ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani hutolewa ndani ya siku 30, na kwa jinai taarifa hiyo ndiyo inayoianzisha rufaa. Kumbukumbu huandaliwa na Msajili, na mrufani akishazipokea ana siku 21 za kuwasilisha sababu zake. Hapa pia mkuu wa gereza ndiye njia ya mfungwa. Kwa kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo kuna kizuizi cha ziada: lazima Mahakama Kuu ithibitishe kwanza kwamba kuna hoja ya kisheria inayostahili kufika juu.

Majaji watatu husikiliza, mara nyingi katika vikao vinavyofanyika mikoani, na siku hizi mfungwa anaweza kuunganishwa kwa video akiwa gerezani. Swali lao ni tofauti na lile la Mahakama Kuu. Pale ambapo mahakama mbili za chini zimekubaliana kuhusu ukweli wa mambo, hawaingilii isipokuwa ushahidi ulieleweka vibaya kabisa au kanuni ya sheria ilivunjwa, na sababu mpya za ukweli wa mambo ambazo Mahakama Kuu haikupewa hawazisikilizi. Hoja ya sheria tupu ndiyo inayoweza kuibuliwa hata hapo kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo “sikuwapo siku ile” ikitajwa Mahakama ya Rufani bila kutajwa kokote chini haina pa kukaa, ila “hati ya mashtaka haikusomwa upya baada ya kubadilishwa” inaweza kusimama.

Ushindi wa utaratibu nao una pande mbili. Kesi ikionekana kuwa na kasoro kubwa, mahakama inaweza kuamuru isikilizwe upya badala ya kumwachia mfungwa huru. Kanuni iliyowekwa katika shauri la Fatehali Manji la mwaka 1966 ni kwamba kesi hairudishwi ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake, na ni vyema mrufani aseme waziwazi mbele ya majaji kwamba ushahidi wenyewe ulikuwa dhaifu, asije akashinda kwa kasoro ya karatasi na kurudi rumande kuanza upya.

Kuomba hukumu ipitiwe upya, mara moja tu

Hapa ndipo wafungwa wengi wanapopotea. Wengine wanaita mapitio, wengine marejeo. Ni ombi kwa Mahakama ya Rufani iangalie tena hukumu yake yenyewe. Si rufaa. Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zinataja sababu tano na zinakataza nyingine yoyote: hukumu ina kosa la wazi usoni pa kumbukumbu lililosababisha haki kupotea, mhusika alinyimwa isivyo halali nafasi ya kusikilizwa, uamuzi ni batili, mahakama haikuwa na mamlaka, au hukumu ilipatikana kwa njia haramu, kwa udanganyifu au kwa ushahidi wa uongo wa kiapo. Ombi liwasilishwe ndani ya siku 60, na likishasikilizwa na kuamuliwa hakuna ombi jingine la namna hiyo katika shauri hilo.

Kosa la wazi ni lipi? Katika shauri la Chandrakant Joshubhai Patel la mwaka 2004 mahakama ilieleza kwamba ni kosa ambalo anayesoma analiona papo hapo, si lile linalohitaji kujengewa hoja ndefu ambayo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kutofautiana juu yake. Ikiwa hukumu imesema mrufani alikuwa na miaka 22 wakati kumbukumbu inaonyesha cheti cha kuzaliwa cha miaka 16 kilichopokelewa bila kupingwa, na adhabu ikategemea umri huo, hilo linaonekana. Ikiwa mfungwa anasema majaji hawakuupa uzito unaostahili ushahidi wa mke wake, hilo ni rufaa iliyovalishwa kanzu ya mapitio, na litatupwa hata likiandikwa na wakili mzuri. Na anayeomba kuongezewa muda wa kuleta ombi hili baada ya siku 60 hana budi kuonyesha, pamoja na sababu za kuchelewa, kwamba ana mojawapo ya sababu zile tano. Akishindwa, muda hauongezwi.

Kwa hiyo mfungwa aliyetoka kusomewa hukumu ya Mahakama ya Rufani ashawishiwe kusubiri angalau wiki mbili kabla ya kuandika, aisome hukumu yote kwa lugha anayoielewa, kisha ajiulize ni ipi kati ya sababu tano inamhusu. Kama hakuna, ni heri kuliacha ombi kuliko kulitumia kwa hasira, kwa sababu huenda siku moja ikabainika kwamba shahidi alidanganya kwa kiapo, na wakati huo ombi pekee alilokuwa nalo liwe limeshaliwa na hoja ya jana.

Njia nzima ikitazamwa katika shauri moja

Shauri linalojulikana na wengi ni la mwanamuziki Nguza Viking, Babu Seya, na mwanawe Johnson Nguza, Papii Kocha. Walihukumiwa kifungo cha maisha katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, mwezi Juni 2004, pamoja na watoto wengine wawili wa Nguza, kwa makosa mazito dhidi ya watoto wadogo wa shule. Mahakama Kuu iliitupa rufaa yao Januari 2005. Mahakama ya Rufani, Februari 2010, iliwaachia huru wale vijana wawili na kuithibitisha hukumu ya baba na Papii. Ombi la kupitia upya likakataliwa mwaka 2013. Mwaka 2015 wakafungua shauri katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Kabla halijaamuliwa, tarehe 9 Desemba 2017, Rais John Magufuli aliwasamehe wakatoka gerezani. Uamuzi wa Arusha ukatolewa Machi 2018. Naomba msomaji aangalie jambo moja: rufaa ile ya 2010 iliwatenganisha watu wanne waliokuwa na kesi moja, wawili wakaenda nyumbani na wawili wakabaki, kwa sababu majaji waliupima ushahidi dhidi ya kila mmoja peke yake. Washtakiwa walio pamoja wasinakili sababu za rufaa za mmoja wao.

Mlango wa Arusha nao umebadilika. Tanzania iliweka tamko la kuruhusu watu binafsi kuishtaki moja kwa moja mwaka 2010, na wafungwa wetu wengi walilitumia. Katika shauri la Alex Thomas, lililoamuliwa Novemba 2015, Mahakama ya Afrika iliona kwamba haki ya mfungwa aliyehukumiwa miaka 30 kwa unyang’anyi wa kutumia silaha ilikuwa imekiukwa, ikiwemo kwa kukosa msaada wa kisheria. Novemba 2019 serikali iliwasilisha taarifa ya kuliondoa tamko hilo, na uondoaji ukaanza kutumika tarehe 22 Novemba 2020. Mashauri yaliyokwisha kufunguliwa yaliendelea, lakini mfungwa hawezi leo kufungua jipya moja kwa moja dhidi ya Tanzania. Anayemdai ndugu fedha ili “apeleke kesi Arusha” anamwibia.

Vilevile kuna habari za Kenya zinazoingia magerezani kupitia redio na simu za wageni. Uamuzi wa Muruatetu wa tarehe 14 Desemba 2017, uliosema kwamba adhabu ya kifo isiyompa hakimu nafasi ya kuchagua ni kinyume cha Katiba, uliwafanya wafungwa wengi wa Kenya waombe kuhukumiwa upya, hata wa makosa mengine, mpaka Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikatoa maelekezo tarehe 6 Julai 2021 kwamba uamuzi ule ulihusu kosa la mauaji tu. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo. Mfungwa wa Butimba au Maweni hawezi kuomba kuhukumiwa upya kwa kuutaja peke yake.

Nani wa kumwendea, na baada ya mahakama

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na watoa huduma waliosajiliwa, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Mawakili Tanganyika ni mahali pa kuanzia kuulizia. Kabla ya kumlipa yeyote, tafuta jina lake katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Vishoka ni wengi karibu na majengo ya mahakama, na hati iliyoandikwa na asiyeruhusiwa inaweza kumponza mfungwa asiyehusika. Hukumu za Mahakama ya Rufani zinapatikana bure katika tovuti ya TanzLII, na kijana wa familia mwenye simu na subira anaweza kuzisoma zinazofanana na kesi ya ndugu yake kwa jioni chache.

Ngazi zikishaisha, kinachobaki ni Ibara ya 45 ya Katiba, inayompa Rais mamlaka ya kusamehe au kupunguza adhabu. Maombi hayo hupitia kwa mkuu wa gereza, na si mahali pa kubishana tena juu ya taa ya sola. Huelezwa umri, afya, muda aliokwisha kutumikia, mwenendo wake gerezani na watu wanaomsubiri.

Wakati wote huo, faili la nyumbani liwe na nakala ya kila karatasi yenye mhuri: hati ya mashtaka, mwenendo, hukumu za ngazi zote, taarifa za rufaa na uthibitisho wa kupokelewa. Wafungwa huhamishwa ghafla, leo yuko Karanga, mwezi ujao yuko Isanga, na karatasi zake si lazima zimfuate. Siku utakayosikia amehamishwa, mwandikie Msajili barua ukitaja namba ya rufaa, jina la mrufani na gereza jipya, uipeleke masjala kwa mkono, na urudi na nakala iliyogongwa mhuri, kwa sababu wito wa kusikilizwa unatumwa kwenye gereza lililoandikwa katika jalada.